Oysterbay tuna barabara, hatuna majirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera kuhusu mtaa ninaoishi, nikiamini kwamba wenzangu wa Oysterbay na Masaki watalisoma, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kuwafikia.

Nilizaliwa na kukulia Magomeni, nikahamia Oysterbay mwaka 2013. Sitakana neema niliyoikuta. Maji hayakatiki mara kwa mara, usiku ni kimya, upepo wa bahari unafika hadi chumbani, na tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, lile lenye urefu wa kilomita moja na ushei juu ya bahari, safari ya kwenda mjini ambayo zamani ilitugandisha kwenye foleni ya daraja la zamani la Selander imekuwa ya dakika chache. Hospitali, shule, benki na balozi zote ziko karibu. Mwenye gari hapa hana sehemu ya jiji asiyoweza kuifikia kwa urahisi.

Februari mwaka huu alifariki mzee ambaye nyumba yake na yangu zinagusana ukuta. Nilipata habari siku ya nne, tena kwa mlinzi wangu, aliyeambiwa na mlinzi wa pale. Magomeni turubai lingefungwa katikati ya njia, majamvi yangetandikwa, na mtoto wa miaka sita angejua nani amefiwa. Tulipokwenda kuhani, mimi na mke wangu, matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Mjane alitupokea kwa upole, akatushukuru kwa kuja, kisha akauliza tunatokea wapi. Nilimwonyesha kwa kidole paa la nyumba yetu, lililoonekana vizuri kutoka pale kibarazani. Tumeishi hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, na aibu ile sijaisahau.

Ni aibu hiyo iliyonifanya nihudhurie, kwa mara ya kwanza, mkutano wa serikali ya mtaa. Tulikuwa watu thelathini hivi chini ya mwarobaini, na katika hao wenye nyumba tulikuwa watatu. Waliobaki walikuwa walinzi, watunza bustani na akina dada wa kazi, kila mmoja akiandikisha jina la bosi wake na namba ya nyumba. Lilizungumzwa suala la ada ya taka na ulinzi shirikishi, watu wakaitikia, mkutano ukafungwa.

Wakati tunaondoka nilifuatana na mlinzi mmoja anayeishi Chanika. Aliniambia kwamba huamka saa tisa usiku ili awahi zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, hubadilisha daladala mara mbili, na akishuka barabara kubwa huingia mtaani kwa miguu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo anayoiogopa, kwa sababu hulazimika kutembea juu ya lami gizani, magari yakimpita kwa kasi, na mvua ikinyesha ndiyo balaa zaidi. Nilimuuliza kwa nini hakulisema jambo hilo mkutanini. Akajibu, "Bosi, mimi nimetumwa kuandikisha jina tu."

Mhariri, sababu ya mtu huyu kutembea juu ya lami tunaijua sisi wenyewe. Kati ya kuta zetu na barabara kuna hifadhi ya barabara, ambayo ingetosha watu wawili kupita sambamba bila kusumbuana. Tumeipanda michongoma na maua, tukapanga mawe yaliyopakwa chokaa na kufunga minyororo ili wageni wasiegeshe magari. Mimi pia nilikuwa na mawe yangu, kumi na moja, na nimeshayaondoa.

Enzi za Waingereza jiji hili liligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Oysterbay ilikuwa Uzunguni, mahali ambapo Mwafrika aliingia asubuhi kufanya kazi na kuondoka jioni. Leo wenye nyumba wengi ni Watanzania wenzake, lakini anayekuja kutufulia na kutulinda bado anaingia na kutoka vivyo hivyo, na hana hata njia ya kupita. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, tawi la upande wetu liliishia kituo cha Morocco, Kinondoni, na kutoka hapo msafiri hutafuta daladala au bajaji. Hilo ni la serikali na linahitaji fedha nyingi. La mawe na michongoma halihitaji fedha yoyote wala kibali cha manispaa.

Kwa hiyo ninawaomba wenye nyumba wenzangu waondoe vizuizi vilivyo mbele ya mageti yao kabla ya mvua za masika. Ninamwomba pia mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye amekuwa akiitisha mikutano asubuhi siku za kazi, auitishe ujao Jumapili alasiri, wakati ambapo hatutakuwa na kisingizio cha kumtuma mlinzi. Mke wangu ameshazungumza na mjane wa jirani yetu, naye amesema atakuja.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Oysterbay,
Dar es Salaam