Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: wagonjwa waulizwe wanakunywa nini nyumbani

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Tunakuandikia sisi wafamasia na maafisa lishe wa mkoani hapa. Ombi letu ni moja: kila mgonjwa na kila mjamzito anayefika kituoni aulizwe mitishamba, vitamini na madini anayotumia, na jibu liandikwe kwenye faili au kadi yake kama zinavyoandikwa dawa za hospitali.

Hatupingi tiba asili. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 inaitambua, na majani ya mlonge na ubuyu watu wetu wamevila tangu zamani, kabla havijatiwa kwenye pakiti na kutangazwa kwa spika. Shida ni kwamba vitu hivi vikiingia mwilini vinakutana na dawa tulizotoa sisi, nasi hatuna habari.

Mfano wa karibu ni mjamzito wa Bahi au Chamwino aliyepewa FEFO, vidonge vya kuongeza damu vya kliniki. Kidonge kimoja kina miligramu 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za foliki asidi. Akikimeza kwa chai ya rangi, tanini za majani ya chai huyashika madini hayo na sehemu kubwa huishia chooni. Udongo anaotafuna mchana nao huyazuia, na unaweza kuwa na risasi au mayai ya minyoo. Baada ya siku chache anaona choo cheusi, kichefuchefu kinamsumbua, anaogopa. Anaacha vidonge na kuhamia unga wa mlonge aliouziwa kuwa unaongeza damu. Kijiko cha chakula cha unga huo ni kama gramu 8, na madini ya chuma yaliyomo ni miligramu mbili tatu tu, tena ya aina isiyofyonzwa kwa urahisi. Majani ya mlonge ni mboga nzuri sana, aendelee kuyala, lakini hayawezi kushika nafasi ya kidonge. Mizizi na magome yake mjamzito asiyaguse kabisa.

Angeulizwa, yote haya yangerekebishika kwa dakika mbili. Aambiwe mapema kwamba choo kitakuwa cheusi na si ugonjwa. Kichefuchefu kikizidi, ameze kidonge usiku anapokwenda kulala. Chai ikae mbali na kidonge kwa saa moja au mbili. Na cha kumezea kipo hapa hapa Dodoma: juisi ya ubuyu, ambayo vitamini C yake husaidia madini ya chuma kufyonzwa. Ubuyu huo usichemshwe, maana moto huharibu vitamini C. Unga ukorogwe kwenye maji ya kunywa yasiyo ya moto, au utiwe kwenye uji uliokwisha kuepuliwa na kupoa. Aambiwe pia aviweke vidonge mahali pa juu, penye kufuli ikiwezekana. Vidonge 10 vya FEFO vinaweza kumuua mtoto wa kilo 10, na mtoto huviona kama peremende.

Kwa wanaotumia TLD, kidonge cha kufubaza virusi vya UKIMWI, dawa ya dolutegravir iliyomo hushikana na chuma, kalsiamu, zinki na magnesi. Mtu akivimeza pamoja akiwa na njaa, dawa haifyonzwi ya kutosha na virusi vinaweza kupanda ingawa hajaruka hata dozi moja. TLD imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada ya vidonge vya chuma au kalsiamu, au vyote vimezwe kwa pamoja na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesi au aluminiamu hazina msamaha huo wa chakula. Zisubiri saa zile zile. Antibiotiki za siprofloksasini na doksisaiklini nazo hudhoofishwa na madini hayo.

Mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, kisha akaongeza mitishamba ya kazi hiyo hiyo, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi usiku, akatoka jasho na kutetemeka. Nasi tukamwongezea au kumpunguzia dozi kwa kubahatisha.

La hatari kuliko yote ni dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Baadhi ya mitishamba hii hukaza mfuko wa uzazi. Mama aliyekunywa nyumbani akiwekewa oksitosini, dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu, wodini, mfuko unaweza kupasuka. Mkunga anapaswa kuuliza kabla ya kutundika dripu, na aulize kwa upole, kwa sababu mama aliyekaripiwa atakana.

Namna ya kuuliza ndiyo yenye uzito. Ukisema "unatumia dawa za kienyeji?" utajibiwa hapana. Aulizwe hivi: "Mama, nyumbani unakunywa nini kingine? Unga, majani, vidonge vya dukani, kitu cha kuongeza damu, cha presha, cha sukari?" Kisha yaandikwe jina la mmea, sehemu iliyotumika (jani, mzizi au gome), kiasi, mara ngapi, na tangu lini. Mmea mmoja unaweza kuwa na jina lake kwa Kigogo na jingine kwa Kirangi, kwa hiyo aombwe alete tawi au pakiti yenyewe siku ya kurudi. Unga ukinuka uvundo au ukishikana mabonge, asitumie. Mkoa huu haujasahau sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, ya mwaka 2016.

Tunapendekeza uanze na kliniki za wajawazito, wodi za uzazi na kliniki za CTC (za matunzo na tiba ya VVU), kwa waraka mmoja kwenda kwa waganga wakuu wa wilaya zote, wenye swali hilo na saa za kutenganisha dawa kwenye ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani. Kuuandika ukurasa huo na kuwaelekeza watumishi vituoni tuko tayari kufanya sisi.

Wako katika kazi,
Wafamasia na maafisa lishe, Dodoma