Kiswahili kitetewe kwa hoja zinazosimama

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma zaidi ya mara moja makala ya ukurasa wako wa maoni inayotaka Kiswahili kiwe somo la lazima katika kila shule ya msingi nchini Uganda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Arua, na anachokitaka mwandishi ndicho ninachokitaka mimi. Kinachonisumbua ni namna alivyofika huko, na jinsi wengi wetu tulivyompigia makofi kwa kuwa tunaupenda msimamo wake, bila kuuliza kama sababu alizozitoa zinaufikisha hapo.

Chukua Katiba. Mwandishi anasema marekebisho ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha ya pili rasmi, kwa hiyo shule isiyokifundisha inavunja Katiba. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ila ibara ya 6 haikuishia hapo. Inaendelea kusema kwamba Kiswahili kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Maneno hayo ya mwisho mwandishi ameyaacha, na bila hayo msomaji hawezi kujua kwamba Katiba yenyewe haikutoa amri yoyote kwa shule.

Niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili makala hiyo na ibara yenyewe, bega kwa bega. Kazi ilikuwa kupiga mstari chini ya kila dai na kuandika pembeni linategemea nini. Msichana mmoja aliweka kidole penye nukta ya mwandishi, akahamia kwenye Katiba, akasema, "Mwalimu, mbona huku sentensi inaendelea?" Jirani yake akadakia, "Na Bunge limeshatunga hiyo sheria?" Nilifurahi kupita kiasi. Watoto hawa hawakumjua mwandishi, kabila lake wala chama chake. Walikuwa na karatasi mbili na kalamu tu.

Hoja ya pili ndiyo maarufu: Tanzania walikumbatia Kiswahili, Tanzania wana umoja, basi nasi tukikikumbatia tutaungana. Mambo mawili kufuatana hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Tanzania ilikuwa pia na Azimio la Arusha la 1967, Jeshi la Kujenga Taifa, na lugha ambayo biashara na utawala vilikuwa vimeshaisambaza muda mrefu kabla ya uhuru. Anayesema lugha ndiyo iliyofanya kazi hiyo hana budi kutuonyesha kwa nini si hayo mengine. Tena atueleze habari ya Rwanda, ambako waliouawa na waliowaua mwaka 1994 walisema Kinyarwanda kilekile, na ya Somalia pia, ambako watu wa lugha moja walipigana. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa hapahapa Uganda. Tuliungana? Mtu anaweza kujibu kwamba tangazo bila walimu na vitabu si kufundisha. Jibu hilo lina nguvu, na mwandishi ndiye aliyepaswa kulitoa. Hakulitoa kwa sababu mwaka huo hakuugusa kabisa.

Lililoniuma zaidi ni aya inayowaita wapinzani wa Kiswahili wakabila wenye chuki. Kumpa mtu jina baya si kumjibu. Gowers, gavana wa Kiingereza wa Uganda, alipopendekeza Kiswahili katika elimu na utawala mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikipinga waziwazi, na miongoni mwa watu wengi wa Buganda hofu ilikuwa kwamba Buganda ingeburutwa kwenye muungano na Kenya na Tanganyika, chini ya mkono wa walowezi wa Kizungu. Baadaye ukaja utawala wa kijeshi, na wazee wengi walikisikia Kiswahili kwanza kikiwa amri ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Mzee wa namna hiyo akisema hakitaki, ana kumbukumbu, na kumbukumbu inajibiwa kwa maelezo. Mimi ningemwambia kwamba makosa ya askari hayathibitishi lolote juu ya lugha waliyoitumia. Lakini ningemwacha kwanza amalize.

Ajabu ni kwamba hoja iliyo bora kuliko zote mwandishi ameipa mstari mmoja tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikiongeza Kiswahili kwenye lugha zake rasmi mwaka 2021, na wachuuzi wa hapa Arua wanaovuka kwenda soko la Ariwara, Kongo, wanapatana bei kwa Kiswahili bila kungoja serikali yoyote. Hilo mtu anaweza kwenda kuliona kwa macho na kulipima.

Na kuna swali ambalo makala nzima imelikwepa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe cha lazima katika shule za msingi na sekondari. Miaka miwili kabla, mtaala mpya ulikuwa umeshakifanya cha lazima kidato cha kwanza na cha pili, na shule nyingi hazikuwa na mwalimu wa kukifundisha. Mwandishi anasema "kianze mara moja" kana kwamba walimu wapo wanasubiri kengele. Namwomba atuandikie tena, na safari hii aanzie hapo: atafundisha nani, ataandaliwa wapi, na kwa fedha ipi. Nawe Mhariri, akileta, tafadhali ichapishe pamoja na ibara ya 6 yote, hadi nukta yake ya mwisho.

Mwalimu wa Kiswahili,
Arua