Kuhusu Picha ya Shavu la Mguu Wako

Mbale, Uganda

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako kutoka Kapchorwa nimeipata, na pole sana kwa maumivu. Uliposema kwamba ukiwa unapanda mlima ulihisi kama umepigwa jiwe nyuma ya mguu, ukageuka usimwone mtu, ulinieleza karibu kila kitu, kwani hivyo ndivyo wasemavyo wengi waliochanika msuli wa shavu la mguu upande wa ndani, pale unapoungana na kano inayoshuka kisiginoni.

Umeniuliza kama inafaa kulipia ultrasaundi, yaani kipimo kinachotoa picha ya ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Inafaa, lakini si leo. Katika saa za mwanzo damu iliyovuja huweza kuonekana kwenye skrini kwa weupe ule ule wa nyama inayoizunguka, na mpimaji akakuambia kwamba hakuna kitu. Baada ya siku 2 au 3 huanza kuwa majimaji, ikaonekana nyeusi, na mipaka ya jeraha ikajitokeza. Hata hivyo, uvimbe ukizidi, usingoje, maana damu iliyoganda ndani ya mshipa huleta dalili zinazofanana na hizi, na mashine hiyo hiyo ndiyo huzitofautisha.

Ukifika, ulizia kichwa bapa cha mashine, yaani kile kifaa kinachogusishwa kwenye ngozi. Kile kilichopinda, ambacho hupimia akina mama wajawazito, hutoa mawimbi ya megahezi 2 hadi 5 (megahezi moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde), yanayofika mbali lakini yasiyoonyesha nyuzi ndogo. Msuli ulio karibu na ngozi unataka megahezi 10 au zaidi. Mpimaji anayeijua kazi yake atapaka jeli nyingi na kukigusisha kichwa bila kukandamiza, kwa kuwa akikandamiza, majimaji husukumwa pembeni na mpasuko ukafichika. Ataanza na mguu ambao haukuumia, aone msuli wako ulivyo kwa kawaida: mweusi, wenye mistari myeupe myembamba iliyolala sambamba. Kwenye mguu ulioumia mistari hiyo itakuwa imekatika. Kisha atakuambia ukunje na kunyoosha kifundo cha mguu taratibu, na hapo ndipo ninapoipenda ultrasaundi kuliko MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku), kwa sababu unaziona ncha zilizokatika zikiachana au zikienda pamoja. (Ingekuwa msuli wa ndani kabisa wa paja, ningesema vingine.)

Picha ya pili, baada ya wiki kadhaa, naithamini kuliko ya kwanza. Pale palipokuwa peusi hujazwa kuanzia pembeni na nyama mpya inayong'aa zaidi, na mpimaji akiwasha rangi za mtiririko wa damu, mishipa midogo huonekana ikifanya kazi. Panapobaki kovu nene jeupe, niambie mapema, tupange mazoezi kwa uangalifu zaidi. Lakini majimaji yaliyo kati ya misuli miwili ya shavu huweza kukaa wiki nyingi hata kwa mtu anayetembea vizuri, kwa hiyo usiiachie mashine peke yake ikupangie siku ya kurudi mbioni. Kama huwezi kuinua kisigino kwa mguu huo mara nyingi kama kwa ule mzima, bila maumivu, bado hujapona.

Kwa sasa usikubali mtu yeyote akukande kwa nguvu, hata kama ni mzee anayesifika kijijini, kwani damu inaweza kuanza kuvuja upya. Na picha zichapishwe zikiwa na urefu na upana wa jeraha, pamoja na mahali lilipopimwa, ili mpimaji wa picha ya pili apime pale pale.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako