Harambee ya Kivuko: Hata Wafalme Walitakiwa Kulipa

Wapendwa, Bwana asifiwe sana.

Tuliwaomba Pasaka, mkatoa kwa moyo, na madawati yakafika shuleni. Tunaona haya kubisha hodi tena. Lakini mafuriko ya 2024 yalibeba kivuko cha magogo kule nyumbani, Bungoma, kwenye kijito kinachoingia mto Nzoia, na hadi leo watoto wanavuka kwa kamba. Wanavua viatu, wanajitwika mikoba, na mwalimu anasimama majini hadi kifuani akiwapokea mmoja mmoja. Mto ukijaa mchana, hakuna kurudi. Safari moja watoto wa gredi ya kwanza walilala sakafuni darasani, mama zao wakiwaita kutoka ng'ambo mpaka sauti zikakauka.

Sisi huku Telford, Uingereza, tunavuka mto Severn kwa daraja la chuma, Iron Bridge, lililofunguliwa tarehe 1 Januari 1781. Tangu 1934 magari hayapiti; ni la waendao kwa miguu na wenye baiskeli, na wengi wetu tumepigia picha za arusi pale. Daraja hilo lilijengwa kwa mchango, ndugu zangu! Watu walinunua hisa, na gharama ilipopita makadirio, Abraham Darby wa Tatu, mwenye kiwanda cha chuma aliyelijenga, akajaza pengo kwa mfuko wake, akabaki na madeni maisha yake yote. Mafuriko ya 1795 yaliharibu madaraja mengi ya mto huo. Hilo halikudhurika.

Basi Jumamosi ya kwanza ya Septemba tutatembea kutoka kanisani hadi darajani, wenye baiskeli wakitangulia. Kila atakayevuka atoe pauni 10, au zaidi Mungu akimjalia. Someni bango la ushuru wa zamani wa kuvuka lililopo pale: askari alipe, hata jamaa ya kifalme ilipe. Je, wewe uliyevuka kijito kile kwa miaka minane ya shule ya msingi, utapita bure?

Wazazi kule wamekwisha kusomba mawe na mchanga wa kivuko kipya kwa mikokoteni. Kilichobaki ni vyuma, saruji na ujira wa fundi. Mhazini atasoma hesabu Jumapili inayofuata, na risiti zote zitabandikwa mlangoni.

Asiyeweza kutembea ampe mzee wa kanisa bahasha yake mapema. Tunaondoka saa tatu kamili asubuhi. Leteni watoto, nao wavuke.