Kodi ya asilimia 3 tumeiona, dirisha la malalamiko liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Tangu Julai 2024 sheria yetu ya kodi inataka asilimia 3 ikatwe kwenye malipo ya anayeuza sarafu za mtandaoni. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitutangazia kwamba sarafu hizohizo si halali nchini, ikituonya tusiziuze, tusizitangaze wala kuzitumia, na mpaka leo sijasikia tangazo la kulifuta lile. Mimi si mwanasheria. Ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kiko Buzuruga, Mwanza. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niulize: mtu akiibiwa kitu ambacho TRA inakitambua na Benki Kuu haikitambui, akalalamike kwa nani?

Wengi wakisikia habari hizi wanawaza Bitcoin na vijana wanaotaka gari kabla hawajaota ndevu. Hapa kibandani Bitcoin naisikia kwenye ubishi tu, hasa ile Desemba 2024 ilipovuka dola 100,000 na kila mtu akawa ghafla na binamu aliyenunua mapema. Kinachozunguka kila siku ni USDT, ile ya kampuni ya Tether, ambayo moja inatakiwa iwe na thamani ya dola moja ya Marekani. Nina mteja anauza vipuri vya pikipiki, mzigo wake unatoka Guangzhou. Dola zilipoadimika 2023 na 2024, benki ikawa inamwambia njoo wiki ijayo. Yeye akanunua USDT kwa shilingi za kwenye simu, akamrushia mtu wake wa China, mzigo ukapakiwa. Nina binti mwingine anatengeneza nembo za biashara kwa ajili ya watu wa nje, na mshahara wake wote unaingia kwa njia hiyo. Hawa si wacheza kamari. Wanalipa kodi ya pango, wanasomesha.

Kwa asiyejua, mauzo ya P2P, yaani ya mtu kwa mtu, yanakwenda hivi. Muuzaji anaweka tangazo kwenye jukwaa, yaani soko la mtandaoni linalowakutanisha wauzaji na wanunuzi: ninazo USDT kadhaa, bei ni hii, nalipwa kwa simu. Mnunuzi akikubali, jukwaa linazishikilia zile USDT, huyu hawezi kuzihamisha na yule bado hajazipata. Mnunuzi anatuma shilingi moja kwa moja kwenye laini ya muuzaji, kisha anabonyeza kwamba amelipa. Muuzaji akishaona hela imeingia, anaachia. Baada ya hapo ndipo ninapoletewa simu: shikamoo mama, naomba kutoa. Jukwaa lenyewe halijagusa hata shilingi moja. Msomaji alishike hilo, maana nitalihitaji nikifika kwenye kodi.

Sasa sikiliza wizi unavyofanyika. Kijana mmoja wa jirani na kibanda changu aliuza USDT zake, ikaingia 1,850,000. Jina la mnunuzi kwenye jukwaa lilikuwa la kiume, la aliyetuma hela lilikuwa la kike. Akauliza. Akajibiwa ni laini ya mke wangu, kaka, yangu imejaa kiwango cha siku. Akaachia. Kesho yake laini yake ikawa imefungwa, na kabla ya mchana akaitwa kituoni.

Aliyetuma ile hela hakuwa mke wa mtu yeyote kwenye mchezo huo. Alikuwa mama wa Geita aliyekuwa anasubiri kulipia mabati. Kila Mtanzania mwenye simu anaujua ule ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”. Wengi tunaufuta, wengine tunaupeleka 15040 kama TCRA inavyotuelekeza. Huyu mama ulimkuta siku ambayo kweli alikuwa na hela ya kutuma. Namba na jina alilopewa ni vya huyu kijana wetu, kwa sababu mwizi alivipata pale alipobonyeza kununua. Kwa hiyo shilingi zilitoka Geita zikaingia Buzuruga, USDT zikatoka Buzuruga zikaenda kwa mwizi, na mwizi mwenyewe hakuonekana popote kwenye muamala wa simu. Laini iliyopokea imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya kijana. Hata ningekuwa mimi ndiye mpelelezi, ningeanza kwake.

Kosa la kijana nalifahamu na wenzake wanalifahamu: majina yasipolingana huachii, unarudisha hela kulekule ilikotoka na kufungua shauri kwenye jukwaa. Wazoefu wanaandika hivyo kabisa kwenye tangazo lao. Lakini sikuandika barua hii kufundisha P2P.

Kituoni, sitasema kipi, afande alimsikiliza vizuri tu mpaka neno USDT lilipotajwa. Hizo si zilipigwa marufuku? Kuanzia hapo maelezo yakageuka. Kijana aliyekuja na skrinishoti zake zote, mazungumzo yote, namba ya oda na saa, akaona ni afadhali anyamaze, kwa sababu kila alichokuwa anakieleza kumtetea kwenye kosa la kwanza kilikuwa kinamtia kwenye la pili. Mwisho wajomba zake walichanga, yule mama akarudishiwa hela yake yote, laini ikafunguliwa. Namshukuru Mungu kwa ajili ya yule mama. Mwizi hakutafutwa na mtu yeyote.

Na alikuwa anaweza kutafutwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Noti zikiibwa kibandani kwangu zimekwenda, hakuna anayezijua kwa sura. Lakini kila uhamisho wa USDT kwenye Tron, mojawapo ya mitandao ambayo sarafu hizi hupitia, unabaki umeandikwa, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuusoma. Kijana alinionyesha kwenye simu yake: anwani ambayo mwizi alizihamishia kutoka kwenye jukwaa, ambayo ni kama namba ya akaunti, herufi na tarakimu 34 zinazoanza na T, zile USDT zikiingia, kisha zikihamia anwani nyingine. Pale zikakaa. Tuliziona pale zimekaa, Mhariri, mimi na yeye, tukila mihogo. Kampuni ya Tether ina uwezo wa kufungia USDT zilizomo kwenye anwani fulani, na imekuwa ikifanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola vya nchi mbalimbali. Ombi la namna hiyo haliandikwi na kijana wa Buzuruga kwa barua pepe yake. Linaandikwa na polisi. Na polisi gani ataandika barua ya kuomba kurejeshwa kwa mali ambayo Benki Kuu imesema isiuzwe?

Nikirudi kwenye kodi, naomba tupige hesabu pamoja. Chukulia kijana amenunua USDT 1,000 kwa shilingi 2,500 kila moja, akauza kwa 2,520. Ameweka 2,500,000, amepata 2,520,000, faida yake ni shilingi 20,000. Asilimia 3 ya 2,520,000 ni shilingi 75,600. Kodi inakatwa kwenye malipo yote, haiulizi faida. Huyu akitii sheria, kila anapouza anatoa 55,600 mfukoni mwake. Wenye kuipitisha sheria wana wachumi na kompyuta. Hesabu hii mimi nimeipigia nyuma ya kitabu cha risiti.

Halafu nani akate? Sheria ya Fedha ya 2024 inamtaja mwenye jukwaa, au anayewezesha kubadilishana au kuhamisha hiyo mali ya kidijitali. Majukwaa yanayotumika hapa yana wenyewe nje ya nchi, na kama nilivyoeleza, shilingi haipiti kwao, inakwenda simu kwa simu. Hawana cha kukata shilingi. Matokeo yake, wale ninaowatolea hela hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia amekatwa. Siwashitaki. Nasema tu kodi isiyo na mahali pa kukatiwa inabaki kuwa fimbo ya kumpigia atakayekamatwa kwa jambo jingine.

Sisi mawakala tumeshaona kodi ya namna hii. Julai 2021 zilipokuja tozo za miamala ya simu, zilikatwa kwenye kiasi mtu anachotuma, awe amepata faida au anampelekea mama yake hela ya dawa. Wateja wangu walirudi kutuma bahasha kwa makondakta. Kamisheni yangu ilishuka mpaka nikafikiria kuuza vitenge. Septemba mwaka huohuo Serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguza tena. Ilisikia. Ndiyo maana na mimi naandika, maana naamini ikiambiwa huwa inasikia.

Kenya walianza na asilimia 3 kama yetu, Septemba 2023. Mwaka 2025 wakaifuta, wakaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada ambayo mtoa huduma anamtoza mteja, si kwenye mtaji mzima. Oktoba mwaka huo Rais Ruto akasaini sheria ya leseni kwa wanaoendesha biashara hii, chini ya Benki Kuu yao na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sisemi Kenya kumekuwa peponi. Huko nako wapo wanaolia. Ila Mkenya akidhulumiwa ana jina la ofisi la kuandika juu ya bahasha.

Na sisi tulitangulia kulisemea jambo hili. Ni hapahapa Mwanza, Juni 2021, Rais Samia akifungua jengo la tawi la Benki Kuu, alipowataka wahusika wajiandae kwa ajili ya sarafu hizi na wasikutwe hawajui la kufanya. Wateja wangu walinionyesha ile video wakiruka. Wengine walidhani wiki inayofuata utaratibu ungetoka. Kilichotoka, miaka 3 baadaye, ni kodi.

Najua jibu litakalokuja: tunawalinda wananchi na matapeli. Wazee wa DECI tunaikumbuka ile ya kupanda mbegu na kuvuna, iliyozimwa 2009 na watu wakabaki na risiti. Utapeli wa jinsi ile sasa unavaa koti la sarafu za mtandaoni, unaahidi faida kila siku, unakutaka uwalete watu chini yako, una kundi la WhatsApp na kiongozi anayevaa suti. Huo uzimwe, tena haraka, na anayenijia kibandani kutuma hela huko huwa namwambia usoni, mwanangu hii ni DECI, hata kama nakosa kamisheni. Lakini tangazo la 2019 halikumzuia tapeli hata mmoja wa aina hiyo. Yeye hahitaji sheria imtambue. Anayeihitaji ni yule wa vipuri, yule binti wa nembo, na kijana wangu wa 1,850,000, ambao wakieleza kweli yao mbele ya afande wanaonekana wahalifu. Tapeli anajua hilo. Ndiyo maana anawachagua.

Sijaomba Bitcoin ikubalike kulipia nauli ya daladala. Shilingi inatutosha na naipenda, ndiyo inayoniweka mjini. Ninachotaka ni Benki Kuu itoe waraka unaosema USDT ni mali ya mtu inayoweza kuibwa, ili dawati la makosa ya mtandao lipokee shauri na kuandika barua inapobidi. Hilo halihitaji kusubiri sheria kubwa wala semina Arusha. Asilimia 3 nayo waheshimiwa wabunge waiangalie upya kwenye bajeti, wawaite wanaofanya kazi hii wawaonyeshe daftari zao.

Na TRA nina swali langu binafsi, wakipenda wanijibu hapahapa gazetini. Mteja anapouza USDT zake, shilingi zikaingia kwenye simu, akaja nikamtolea noti, je, mimi nahesabika kuwa “anayewezesha”? Kama ndiyo, nielezwe nikate kiasi gani, kwenye fomu ipi, na mteja nimpe risiti gani. Kama siyo, naomba iandikwe kwa karatasi yenye mhuri, niibandike kibandani pembeni ya bei za kutoa na kuweka, kwa sababu kuna bwana mmoja ameshapita mara mbili akisema ni ofisa na kwamba natakiwa kulipa, na kitambulisho hajanionyesha.

Mama Neema,
Wakala wa pesa za simu,
Buzuruga, Mwanza.