Mume hataki tutoe damu ya kupima jeni, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa, niko Busia upande wa Uganda, naombeni ushauri maana hapa nyumbani hatuelewani kabisa.

Mwanangu ana miaka 4. Kifafa kilimuanza hajafikisha hata mwaka, joto likipanda kidogo tu tayari, leo anatetemeka mkono na mguu wa kulia, siku nyingine wa kushoto, na haikatiki haraka kama degedege la watoto wengine. Kila mtu alisema malaria, na kweli huku malaria haikosekani, lakini hata akipimwa hana bado anaanguka. Siku hizi vineno alivyokuwa navyo vimepotea, ukimuita hageuki, anashinda mlangoni anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja na ole wako usogeze kimoja.

Alianzishiwa dawa ya kifafa inaitwa kabamazepini na ndo akazidi. Tulipofika Kampala daktari akaitoa, akasema anahisi ni Dravet, ugonjwa adimu ambao wengi wenye nao wana hitilafu kwenye jeni inaitwa SCN1A, na kabamazepini ni moja ya dawa zinazouchochea. Sasa anatumia valproeti, hakijaisha ila kimepungua, namshukuru Mungu sana.

Kuna utafiti wametuomba tuingie, wanataka damu ya mtoto na yetu wazazi wote wawili, walinganishe waone hitilafu imetoka kwa nani, na daktari alisema mara nyingi inaanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana. Hapo ndo vita. Mama mkwe anasema damu itaenda kuuzwa nje, mawifi washasema kifafa kimetoka kwetu, na baba mtoto hataki kutoa damu wala kusaini. Mimi naona majibu yangefunga hiyo midomo, na zaidi daktari angejua kwa uhakika dawa gani asimguse nazo mtoto. Uponyaji hawajatuahidi, walisema wazi.

Je, nikienda mimi na mtoto tu bila baba yake kipimo kitasaidia kitu? Waliopitia haya, mlimwelezaje mzee akakubali? Na kabla sijasaini niulize nini, damu itatunzwa wapi na mpaka lini, majibu nitapewa mimi au yanabaki kwao, na naruhusiwa kuomba nione kibali chao cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia?

Nijibuni mapema jamani, kliniki tunarudi mwisho wa mwezi.

Mama mtoto, Busia