Arbuni isitangulie uchunguzi wa nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wanaojiandaa kununua nyumba. Matangazo ya mauzo yamejaa picha za sebule na bustani, lakini hayamwelezi mnunuzi lipi atangulize na lipi lingoje. Wengi wanaopoteza fedha huwa wamechunguza vizuri tu, ila wamechunguza baada ya kulipa.

Mambo huenda hivi. Dalali anasema kuna mtu mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Mnunuzi anaogopa kuikosa nyumba, anamlipa muuzaji arbuni, yaani malipo ya awali ya kuishika nyumba, mkononi, kisha ndipo anamtafuta wakili. Wiki moja baadaye inabainika kwamba nyumba iko rehani, au kuna zuio la mahakama. Haki ya kudai fedha zake anayo, lakini fedha zenyewe zimeshatumika.

Kabla hata ya kwenda kuona nyumba, ijulikane benki itakukopesha kiasi gani. Hapa wengi hawajui kwamba thamani atakayoandika mthamini wa benki ikiwa chini ya bei mliyokubaliana, kwa kawaida benki hukopesha kwa thamani hiyo, wala si kwa bei. Tuseme mmepatana 100 na benki hutoa asilimia 80. Mthamini akiandika 90, mkopo utakuwa 72, nawe utatakiwa kutoa 28 badala ya 20 ulizopanga. Juu yake kuna ada ya wakili, ada ya uthamini, kodi ya uhamisho, usajili na bima, na mara nyingi hizo hazimo katika mkopo.

Muda wa mkopo nao upigiwe hesabu. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka isiyobadilika, kila 100 utakazokopa kwa miaka 20 utazirudisha takribani 264. Ukikopa kwa miaka 15, utarudisha 216. Rejesho la mwezi linapanda kutoka 1.10 hadi 1.20 tu. Mwenye uwezo wa kubeba nyongeza hiyo ndogo asikubali muda mrefu kwa sababu tu ndio aliopewa kwanza.

Nyumba ikishakupendeza, nenda kwenye daftari la msajili wa ardhi. Nakala ya hati aliyokuonyesha muuzaji haitoshi, kwa kuwa inaonyesha hali ya siku ilipotolewa, na rehani huenda iliandikishwa baadaye. Tazama jina la mmiliki, namba ya kiwanja, ukubwa, rehani, mazuio na haki za njia za majirani. Kama umiliki ni wa muda maalumu, hesabu miaka iliyobaki. Ikiwa michache, benki husita kukopesha, na kesho utakayetaka kumuuzia atakutana na ugumu huo huo. Kwa nyumba ya ghorofa, ulizia pia deni la ada za pamoja na matengenezo makubwa yaliyokwisha kupitishwa lakini hayajalipiwa.

Kisha mtazame muuzaji mwenyewe. Jina la kitambulisho lilingane na la daftari. Ikiwa mmiliki amefariki, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa kisheria, si mtoto mkubwa wala ndugu anayeishi humo. Anayeuza kwa hati ya uwakilishi aulizwe aliyempa yuko wapi, tena aliyempa apigiwe simu, maana kwa kawaida uwakilishi huo hukoma mtoaji anapofariki. Na pale ambapo sheria inadai ridhaa ya mume au mke, iandikwe na kutiwa saini. Ridhaa ya mdomo imevunja mauzo mengi.

Mpimaji ardhi naye afike kiwanjani na ramani, atafute alama za mipaka moja baada ya nyingine. Ukuta wa uzio si mpaka. Hutokea choo au banda likawa limejengwa kwa jirani, na mnunuzi akarithi ugomvi.

Ukaguzi wa jengo ndio watu huufupisha kuliko vyote, na ndio unaostahili muda mwingi. Nenda mara mbili, mara moja baada ya mvua kubwa. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta si za kutisha. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango, wenye upana unaozidi milimita 5, mara nyingi huashiria msingi unaotitia, na hapo aitwe mhandisi wa majengo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida huishia kama mita moja kutoka sakafuni. Madoa ya juu zaidi hutokana na paa au bomba. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja pekee iulizwe sababu. Fungua mabomba yote kwa pamoja uone nguvu ya maji, panda darini utazame mbao, na fundi umeme apime kama waya wa ardhi umeunganishwa kweli.

Hayo yakiwa safi, sasa mkataba na arbuni, ambayo mara nyingi huwa asilimia 10 ya bei. Ikae kwenye akaunti ya wakili au mtu wa kati asiyeegemea upande wowote, si kwa muuzaji. Mkataba utamke kwamba fedha zitarudi mkopo ukikataliwa au kasoro ya umiliki ikigundulika, utaje tarehe ya kukabidhi nyumba ikiwa tupu, na nani atalipa madeni ya maji, umeme na kodi. Rehani ya muuzaji ifutwe kwa fedha kwenda moja kwa moja kwa benki yake. Usimkabidhi muuzaji fedha ili akalipe mwenyewe. Na ukitumiwa ujumbe kwamba namba ya akaunti imebadilika, usilipe mpaka umempigia wakili kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Matapeli huvizia hatua hiyo hasa.

Asubuhi ya malipo ya mwisho, daftari lipekuliwe tena, kwa sababu lolote laweza kuandikishwa katikati. Baada ya kupokea funguo, andika usomaji wa mita, badilisha vitasa, na ufuatilie usajili mpaka uone jina lako.

Kwako Mhariri nina ombi. Kila tangazo la nyumba mnalochapisha, mtakeni mtangazaji aseme kama umiliki umesajiliwa na kama kuna rehani. Ni mstari mmoja tu, na utamfanya mnunuzi aulize kabla hajatoa fedha.

Msomaji wako